Mota Tatu Zilizofunguliwa

Mpaka leo nikishika bisibisi ya msalaba hasira inanipanda, na haina pa kwenda. Nimejaribu kumpa kaka yangu yote, haikutosha. Nimejaribu kumpa fundi wa kusuka mota wa Segese, haikutosha. Nikajibebesha mwenyewe, ikakaa siku mbili tatu, kisha ikarudi kwa kaka. Kwa hiyo naandika mambo yalivyokwenda, kila mtu na sehemu yake, na kama nitampunguzia mtu au nitamzidishia, itakuwa ni kwa kutojua. Mimi niliishia darasa la saba. Kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha hapa Nyahanga, Kahama. Umeme nimejifunza kwa kupigwa nao, na sumaku sikujua kabisa kwamba ina masharti.

Kaka yangu ni seremala wa kuchonga. Au alikuwa, hapo ndipo sijui niandike nini. Segese yote walimjua kwa jani la mboga ya maboga. Wengine huchonga waridi na zabibu walizoziona kwenye kalenda, vitu ambavyo hata kuvishika hawajawahi. Yeye alichonga jani la maboga na kikonyo chake kilichojikunja, na vile vinywele vinavyokwaruza mkono, ukipitisha kidole kwenye mbao unavisikia. Mabinti wengi waliingia kwenye ndoa na vitanda vyake.

Kiangazi cha mwaka juzi kazi za mbao zilipungua, akaenda kubeba mawe kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mkanda ukamshika mkono wa kulia. Ukachukua vidole vitatu, ukamwachia gumba na cha shahada. Mwenye karasha, niseme haki yake, alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe na alikuja kumwona mara mbili. Lakini mkanda ule haukuwa na kava. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda kuupimia kava, miezi kabla, na vipimo ninavyo kwenye daftari hili hili, na yeye akasema tutafanya. Sikumfuatilia. Hilo nalo liandikwe.

Baadaye mwenye karasha akampa kaka nafasi ya kukaa getini kuwa mlinzi. Getini pa karasha ile ile. Kaka akasema atafikiri.

Wakati huo kanisa la pale Segese lilikuwa linamaliza jengo jipya. Walitaka mlango mkubwa wa mbele wa pande mbili na milango minane ya ndani. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu, analala kwenye kitanda cha kaka tangu alipooa. Alikuja mwenyewe akasema kamati inataka kuona paneli moja tu ya mninga yenye lile jani, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wakiridhika, kazi yote ni yake. Wasiporidhika watachukua milango iliyokwisha tengenezwa, ya mjini. Mwenye karasha naye alitaka jibu lake Jumatatu inayofuata. Hivyo ndivyo ilivyokaa: paneli moja kati ya kaka yangu na lile geti.

Nilikuwa nimeona kwenye simu mashine za CNC, ruta, yaani kisu cha umeme cha kuchongea, inatembea peke yake juu ya mbao na kuchonga kile kilichochorwa kwenye kompyuta. Nikamwambia kaka, mkewe akisikia, kwamba nitamtengenezea mkono wa chuma. Ni maneno yangu hayo, siwezi kuyakana. Yeye angechora kwa kushoto, mimi ningechonga kwa mashine, yeye angemalizia kwa patasi mahali pa kumalizia.

Fremu haikunitisha. Kuchomelea nakujua. Kilichonitisha ni mota. Mashine ile inataka mota za aina yake, stepa, ambazo hazizunguki tu ovyo kama mota ya karasha. Zinapiga hatua. Ukiiambia hatua mia, inapiga mia na kusimama hapo hapo, imeshikilia. Ikishindwa kupiga hata moja haikwambii. Inaendelea na safari kama vile haikuruka kitu, na mashine nzima inaamini ipo mahali ambapo haipo.

Nilipiga simu duka moja Dar es Salaam. Kijana aliyepokea akaniuliza sehemu inayotembea ina uzito gani, skurubu ndefu inayoisukuma inasogea milimita ngapi kwa mzunguko mmoja, na nataka mwendo gani. Nikamjibu nataka yenye nguvu. Akaniuliza, "Nguvu ya kufanya nini, kaka?" Nikaona ananifanyia mtihani. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao haukuwa unasumbua. Kama ningemjibu yale maswali matatu, ambayo yote nilikuwa na uwezo wa kuyapima kwa futi na mizani, nisingekuwa naandika haya.

Badala yake nilikwenda kwenye skrepa, Segese, kwa mzee anayenunua vitu vilivyochakaa vya migodini. Alikuwa na mashine mbili kubwa za kuchapia ramani, zimelala juani kama mizoga. Ndani yake nikatoa stepa nane. Sasa, hapa kwetu mota inapimwa kwa mambo mawili: uzito wake mkononi, na shafti yake inavyozunguka ukiisukuma kwa kidole. Nzito ina shaba nyingi. Inayozunguka laini ina beringi nzima. Karasha zote, pampu zote za kutolea maji mashimoni, zimenunuliwa kwa namna hiyo, na mimi nilichagua kwa namna hiyo nikijiona mjanja. Nilizipeleka nane zote kwa muuza nyama, akanitundikia kwenye mizani yake moja moja, watu wakiuliza kama hiyo ni maini. Nikachukua nne nzito zaidi zilizolingana.

Kitu kimoja tu nilikifanya vizuri. Nilikuwa nimejifunza kwenye simu kwamba stepa nzima haizunguki laini. Ukiisukuma unaisikia inakwama na kuachia, tik, tik, tik, na ukiunganisha nyaya zake mbili za koili moja inakuwa ngumu kama imeshikwa na mtu kwa ndani. Hiyo ndiyo afya yake. Nikazijaribu nne zote. Kwenye daftari niliandika: Nne. Zote ngumu. Zote tik tik. Sikuandika ngumu kiasi gani. Sikupima. Mtakuja kuona kwa nini nalitaja.

Nikamwachia kaka mota zile kwa wiki moja, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anatengeneza vibao vya kuzifungia, akishirikiana na shemeji kushika. Mimi nikarudi Nyahanga kumalizia fremu. Alipozileta Jumanne, tatu zilikuwa zinang'aa na moja ina kutu. Zilinuka petroli. Nikasukuma shafti kwa kidole, ile yenye kung'aa, ikazunguka laini kabisa. Na mimi, mtu niliyeandika tik tik kwa mkono wangu mwenyewe, nikafurahi. Mkono ulifurahi kabla kichwa hakijakumbuka. Nikamwambia kaka vibao vyake vimekaa sawa sawa, akacheka, tukafunga mota.

Jani lake alilichora kwa mkono wa kushoto kwenye karatasi ya manila. Lilikuwa limeyumba kidogo lakini lilikuwa lake, hata mtu asiyejua angesema ni lake. Dada wa steshenari akanisaidia kuligeuza kuwa mistari ya kompyuta. Alhamisi tukaweka kipande cha mninga na kuwasha.

Kikonyo kilitoka vizuri. Upande wa kwanza wa jani ukatoka vizuri. Kaka alikuwa ameinama, uso wake karibu uguse vumbi. Kisha ruta ilipoanza kurudi, nusu ya pili ikahamia pembeni upana wa kidole, kama jani limepasuliwa na kuunganishwa na kipofu. Na lile daraja linalobeba ruta, ambalo linasukumwa na mota mbili, moja kila upande, lilikuwa limekaa mshazari. Upande mmoja umefika, mwingine umebaki nyuma. Kama umemfunga ng'ombe na punda kwenye nira moja.

Karibu na banda langu kuna kijiwe cha bodaboda, na wale watu hawana huruma. Mmoja akachungulia akauliza, "Injinia, hilo ni jani au sikio la tembo?" Mwingine akasema afadhali karasha, inasaga na kujulikana imesaga.

Siku tano zilizofuata nilijishuku mimi. Huo ndio ugonjwa wangu, kitu kikiharibika najua ni mimi. Nikasema mistari ya kompyuta nimeikosea, nikairudia. Nikasema draiva, kile kisanduku kinachoipa mota umeme, nimekiweka chini mno, nikapandisha mpaka mota zikawa hazigusiki kwa moto. Mwishoni nikasema ni fremu. Kama reli hazilingani, upande mmoja lazima ubane. Nikapima kwa kamba, nikapima kwa futi, nikaona tofauti ndogo ambayo sasa najua haikuwa kitu. Nikachukua grenda nikaikata fremu yangu. Fremu ambayo niliichomelea kwa wiki tatu, viungo vyake vizuri kuliko geti lolote nililowahi kuuza. Nikaikata, nikaipanga upya, nikaichomelea upya.

Ikarudia kosa lile lile. Upande ule ule ukabaki nyuma.

Nilikaa juu ya kreti. Baadaye, sijui hata wazo lilitoka wapi, nikabadilishana zile mota mbili za daraja. Ya kulia nikaipeleka kushoto. Nikawasha, na kosa likahama. Sasa upande uliokuwa unabaki nyuma ndio ulifika, na uliokuwa unafika ukabaki. Kwa hiyo haikuwa reli. Haikuwa fremu. Ilikuwa mota, na yenye nguvu ilikuwa ile moja yenye kutu.

Kaka alikuwa amekaa mlangoni anakunywa chai. Nikamwuliza kwa nini ile moja ina kutu na zingine hazina. Akanijibu bila wasiwasi wowote, na hata na furaha kidogo, kama mtu aliyesubiri kuulizwa.

"Hizo tatu nilizipeleka kwa fundi wa mota akazifungua. Akatoa ile ya katikati, akaisafisha na petroli, akatia grisi. Hiyo moja ilimshinda, skurubu yake iliisha kichwa."

"Alitoa ya katikati nje kabisa?"

"Nje kabisa. Aliipanga mezani. Kwani utafunga mota ya skrepa bila kuifungua?"

Na ni kweli. Nataka mtu asiye wa huku aelewe. Kati ya Kahama na Geita hakuna mtu anayefunga mota iliyotoka skrepa bila kuifungua. Ndani unaweza kukuta tope la mgodini, au beringi iliyokufa, au mtu ameshatoa shaba na kujaza matambara. Kuifungua mota ndiyo adabu ya kazi. Asiyeifungua ndiye tunayemcheka. Kaka alifanya kile ambacho ningekifanya mimi kwa mota ya pampu bila kufikiri mara mbili.

Hayo nayaandika sasa nimetulia. Siku ile sikuyasema. Nilikumbuka nimesikia mahali, kwenye video ya lugha nisiyoijua vizuri, mtu akitikisa kidole mbele ya stepa iliyofunguliwa, na sikuwa nimeelewa anakataza nini. Sasa nikaelewa. Nikamwangalia kaka na kikombe chake, nikaona fremu niliyoikata, nikaona Jumamosi, zimebaki siku nne. Nikamwambia:

"Hata vidole hivyo viwili ungevimaliza tu huko huko kwenye karasha. Usingeshika vitu vya watu."

Aliweka kikombe chini taratibu, kwa ule mkono, gumba na kidole kimoja, akakisogeza ukutani ili mtu asikipige teke. Akachukua kofia yake akaondoka kwenda Segese. Kwenye kijiwe cha bodaboda hakuna aliyetania.

Kesho yake nami nikaenda Segese, lakini si kwake. Nilikwenda kwa fundi wa mota, nikiwa na mota zote nne, draiva, betri, na kipande cha flati ya chuma chenye urefu wa futi moja. Nilitaka kuwa na uhakika kabla ya kumchukia mtu. Fundi yule ni mtu mzima, amesuka mota za nusu ya karasha za Msalala. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba na kuniuliza mashine inaendeleaje. Nikamwambia ndiyo nimeileta shida yake tuipime wote.

Tulifunga flati kwenye shafti, mwisho wa flati tukatundika ndoo ndogo, tukaiwasha mota ishikilie, na yeye akawa anamimina maji kwa kikombe cha bati, taratibu, mpaka mota ishindwe na ndoo ishuke. Ya kwanza iliyofunguliwa ilishindwa kwenye kikombe cha nne. Ya pili kwenye cha nne. Ya tatu cha tatu. Ile yenye kutu ilibeba vikombe saba, na cha nane nusu.

Nilimwangalia nikisubiri aseme kitu. Alifuta mikono.

"Mimi nimefungua mota tangu sijaota ndevu," akasema. "Haijapungua hata moja."

Nikamwambia hizo zina sumaku, za karasha hazina. Akakubali hilo, akasema kweli aliiona sumaku, ilinasa bisibisi. Kisha akauliza kitu ambacho mpaka leo kinaniuma kuliko kosa lenyewe.

"Kabla sijazifungua, zilibeba vikombe vingapi?"

Kwenye daftari kulikuwa na tik tik.

"Basi labda hiyo moja ilikuwa na nguvu tangu mwanzo," akasema, bila ubaya. "Niitoe hiyo skurubu kwa patasi, tuifungue na yenyewe, tuipime. Hapo tutajua wote."

Alikuwa amesema haki, na nilimchukia kwa sababu alikuwa amesema haki. Njia pekee ya kuthibitisha ilikuwa kuua ile moja iliyobaki. Nikafunga vitu vyangu. Nje ya duka lake nikapiga simu Dar es Salaam, kwa yule kijana wa maswali matatu. Sikujificha nyuma ya mtandao. Nilimwambia mimi ndiye niliyemkatia simu, nikamwomba radhi, nikamweleza.

"Stepa haifunguliwi, kaka," akasema. "Ile sumaku ikitoka kwenye chuma chake inapungua, na ukiirudisha hairudi na nguvu yake. Hata mimi niliua mbili mwanzoni."

Hata yeye. Ningependa awe amenicheka, ningepata pa kuishikiza hasira.

Nikaenda nyumbani kwa kaka. Shemeji alikuwa anaanua mihogo, akanisalimia kwa ufupi sana, nikajua ameambiwa. Akasema mumewe ameenda kwenye karasha kutoa jibu. Sio Jumatatu, leo.

Nilimkuta tayari amekaa getini kwenye kiti cha plastiki, kirungu mapajani, ingawa hakuna aliyemwambia aanze siku hiyo. Karasha ilikuwa inapiga kelele ndani, na vumbi lake linajulikana, linakaa kwenye kope. Mkanda niliuona kutoka pale. Bado hauna kava.

Nilimwomba radhi kwa neno nililolisema. Niliomba vibaya, kwa haraka, na mara moja nikaanza tena habari za sumaku na vikombe vya maji, kama mtu anayeleta hati ya mashtaka. Aliniacha nimalize.

"Wewe ulijua hazifunguliwi?" akauliza.

"Sikujua."

"Ungejua ungeniambia?"

Nikasema ningemwambia. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, kwa kuchoka tu.

"Ulisema utanitengenezea mkono," akasema. "Mkono wangu, na mimi nimekaa tu natazama. Nikaona nami niweke kitu. Nilitaka uzikute zinazunguka."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, maana kwenye haya ndipo ningeweza kudanganya. Na nilipoyasikia hasira haikuisha. Watu husema ukielewa utasamehe. Mimi nilielewa kila kitu, na bado nilitaka kuchukua kile kiti cha plastiki nikitupe barabarani. Nilikasirika zaidi kwa sababu hakuniachia hata kosa la kumshika nalo.

Nikamwuliza kama atakuja kesho. Akasema kazi yake ya getini inaanza Jumatatu, leo alikuwa anakizoea kiti tu.

Alikuja. Siku zilikuwa zimebaki mbili. Mota dhaifu nikaziweka mbili kwenye daraja, kila upande moja, ili angalau zilingane kwa udhaifu. Ile nzima nikaipeleka kwenye upande wa kubeba ruta kulia na kushoto, na ya tatu dhaifu kwenye kupandisha na kushusha, nikaisaidia kwa springi ya pikipiki. Kisha nikapunguza mwendo mpaka ukawa wa kinyonga, na ruta nikaiambia ikate mbao nusu milimita tu kila inapopita. Hapo ndipo nilipojibu, bila kuulizwa tena, maswali ya yule kijana. Nilipima uzito wa daraja. Nilipima skurubu. Niliandika mwendo.

Jani moja lilichukua Ijumaa yote na Jumamosi mpaka saa saba mchana. Umeme ulikatika mara moja, tukaanza kipande upya kutoka kikonyoni. Kaka alifagia vumbi kwa brashi ya rangi bila kuacha, na hatukuongea zaidi ya "sogea" na "tayari". Lilipotoka lilikuwa halijahama. Lakini halikuwa na vile vinywele. Mashine haikuweza, mota zilikuwa zinateleza kwenye mistari midogo. Kaka akaibana patasi ndogo kati ya gumba na kidole, akaisukuma kwa kiganja cha kushoto, akaanza kuvitia kimoja kimoja. Alivitia nusu ya jani tu, muda ukaisha.

Mwalimu mstaafu alikuja na wazee wawili wa kamati na mama mmoja mweka hazina. Walipitisha vidole. Mama yule akafumba macho na kupitisha tena kwenye ile nusu yenye vinywele, akasema, "Wabeja," shukrani ya Kisukuma, kama amepewa kitu cha kula. Kisha mwalimu akauliza milango tisa itachukua muda gani.

Ningeweza kudanganya. Kaka alinitazama. Nikahesabu kwa sauti, jani moja siku moja na nusu, mlango mmoja majani mangapi, na kabla sijafika kwenye mlango wa tatu wote tulikuwa tumeshaona kwamba kanisa litazinduliwa milango ikiwa bado mbao. Mwalimu akaniuliza kwa nini mashine inakwenda taratibu hivyo. Nilikuwa na jibu mdomoni, fupi, lenye jina la mtu aliyekuwa amesimama pembeni yangu na brashi mkononi. Nilitaka kulisema. Sitajisifu kwamba sikutaka.

"Nilichagua mota vibaya," nikasema.

Ni kweli. Ni nusu ya kweli. Kaka akainamisha kichwa, na sijui kama alishukuru au aliona aibu kwa niaba yangu.

Walimpa mlango mkubwa wa mbele. Milango minane ya ndani wakasema watachukua ya mjini, na walisema kwa heshima, hawakutudharau. Mlango mmoja haulishi nyumba. Jumatatu kaka alikwenda kukaa getini. Anakaa huko mpaka leo, siku sita za wiki, mita chache kutoka kwenye ule mkanda, na siku ya saba baada ya ibada anakuja Nyahanga kutia vinywele kwenye mlango wa kanisa. Kava nililichomelea mwenyewe kwa vipimo vya zamani, nikalipeleka, nikalifunga mwenye karasha akiangalia. Alisema asante. Sikumjibu, na hilo nalo si haki, kwa sababu angeweza kukataa.

Stepa mpya zilifika kutoka Dar es Salaam wiki tatu baadaye. Ni ndogo kuliko zile za skrepa, nyepesi, mtu wa hapa angezicheka. Zilibeba vikombe tisa. Nimeandika kwenye daftari, kila moja na namba yake. Na kabla ya kuzifunga nilichukua rangi nyekundu ya kucha niliyoazima kwa mke wangu, nikatia tone kwenye kichwa cha kila skurubu, skurubu nne kila mota, ili mtu akigusa rangi ipasuke nijue.

Jumapili ile kaka alipoingia aliziona kabla hajanisalimia. Aliinama, akazitazama moja moja, zote kumi na sita.

"Hii umeniwekea mimi," akasema.

Nikamwambia ni kwa ajili ya mtu yeyote. Akasema sawa. Akaketi, akaibana patasi yake, akaanza kazi pale alipoishia, na mashine ikawa inakwenda kwa mwendo wake mzuri juu ya mbao nyingine.

Rangi ile sijaitoa. Kila Jumapili jioni akishaondoka naichukua tochi ya simu na kukagua. Haijapasuka hata moja. Naona aibu kukagua, na Jumapili ijayo nitakagua tena.